Mti wa Baba, Kuni za Mama

Mimi huletewa maofisa wachanga kutoka kaunti mbalimbali niwafundishe kukadiria mahitaji ya nishati kwa programu ya kompyuta iitwayo LEAP. Wengi huingia darasani wakiamini kwamba chombo hicho kilibuniwa kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Ulaya au magari ya Marekani. Nikiwaambia kwamba kilizaliwa mwaka 1980 kwa sababu ya kuni za Kenya, wananitazama kama mtu anayewatania. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Waliotunga hesabu zake walikuwa Boston, sehemu ya fedha ilitoka Sweden, na kilichokuwa kikihesabiwa ni mzigo ulio kichwani mwa mama anayepanda kilima cha Maragoli jioni. Siku hizi programu hiyo imeenea katika nchi zaidi ya 190. Inapima gesi chafu, inapanga mitambo, inalinganisha bei za mafuta. Kuni zimebaki mstari mmoja kati ya mingi.

Nataka kusimulia jinsi tulivyofika hapo, kwa sababu watu werevu wenye nia njema walihesabu vizuri sana na bado wakakosa jambo ambalo kila binti wa Kakamega alilijua kabla hajaota meno ya pili.

Tuanze na mafuta. Kati ya Oktoba 1973 na miezi ya mwanzo ya 1974, bei ya mafuta ghafi ilipanda karibu mara nne, na nchi kama yetu, iliyokuwa ikinunua mafuta yote nje na kuyasafisha Mombasa, ikashikwa koo. Wakati wakubwa wakihangaikia petroli, mwaka 1975 Erik Eckholm wa taasisi ya Worldwatch huko Washington alitoa kijitabu akisema maskini wa dunia wana msiba wao wa nishati usiotajwa kwenye magazeti, nao ni kuni. Hoja yake iliwaingia watu. Wafadhili wakaikumbatia, na katika miaka michache ikageuka kuwa hesabu: chukua idadi ya watu, zidisha kwa kilo za kuni anazotumia kila mmoja kwa mwaka, tafuta misitu inaota kiasi gani, kisha toa. Jibu likawa daima hasi. Upungufu huo wakauita pengo la kuni.

Kenya ilikuwa mfano mzuri wa kuogofya. Sensa ya 1979 ilihesabu watu milioni 15.3 na kuonyesha kwamba tunaongezeka kwa karibu asilimia 4 kwa mwaka, kasi iliyokuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Mwaka huohuo Wizara ya Nishati ikaundwa. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ukaleta Nairobi mkutano mkuu juu ya nishati mpya na jadidifu, na jumba la KICC likajaa wageni wanaozungumzia jua, upepo na kuni. Taasisi ya Beijer, iliyo chini ya Chuo cha Sayansi cha Kifalme cha Sweden, ilikuwa tayari imeshaanza kazi na serikali yetu: kupima mzunguko mzima wa kuni, kuanzia mti hadi jivu. Kwa ajili ya kazi hiyo Paul Raskin na wenzake wa Boston wakatunga LEAP. Matokeo yalitoka kwenye kitabu mwaka 1984, kikiwa na majina ya Phil O'Keefe, Raskin na Stephen Bernow.

Kazi hiyo ilikuwa na heshima yake, na sipendi kusikia vijana wakiidharau. Kabla yake, ukimuuliza ofisa wa serikali kuhusu nishati ya Kenya, angekutajia mapipa ya mafuta na bwawa la Kindaruma. Watafiti hawa ndio walioweka mezani kwamba karibu robo tatu ya nishati yote ya nchi ilikuwa kuni na makaa. Jambo kubwa kuliko yote katika uchumi wa nyumba zetu lilikuwa halimo vitabuni, kwa sababu halikupita kwenye pampu wala kwenye mita.

Ila tazama hesabu ilivyopangwa. Programu hujengwa kama mti wa matawi. Tawi la kwanza ni sekta, mathalan makazi. Linagawanyika kuwa mjini na kijijini. Kijijini kunagawanyika kwa matumizi: kupika, kupasha maji, kuota moto, taa. Kila matumizi yana chombo: mafiga, jiko la makaa, stovu ya mafuta taa. Mwishoni kabisa, kwenye ncha ya kitawi, panakaa namba moja: kilo ngapi kwa kaya kwa mwaka. Namba hiyo inazidishwa kwa kaya zote, na kaya zinaongezwa kila mwaka kwa asilimia fulani hadi mwaka 2000. Makadirio yalionyesha kwamba ifikapo mwaka huo mahitaji yangekuwa makubwa mno kuliko miti iwezavyo kuota, na nchi ingekuwa inakata akiba yake hadi shina la mwisho.

Namba ya kwenye ncha ya kitawi naifahamu, maana baadaye nilikuwa mmoja wa wanaoitafuta. Nilipomaliza kidato cha sita niliajiriwa kwa muda kuwa karani wa utafiti mmoja wa kuni, karibu na kwetu Kakamega. Tulipewa mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoana na springi, kamba ya katani na daftari. Asubuhi unamwomba mama atenge kuni anazotarajia kutumia. Unazifunga kamba, unazitundika kwenye boriti ya ghala, unasoma kilo. Unamsihi asichukue kuni kutoka rundo lingine. Kesho saa ileile unarudi, unapima zilizobaki, unatoa, kisha unaandika nani walikula: watu wazima, watoto, fundi aliyekuwa akipiga lipu, mgeni kutoka Mumias.

Kwenye karatasi inaonekana safi. Jikoni mambo yalikuwa mengine. Kuni mbichi ni nzito kuliko kavu, na msimu wa mvua mama alichoma alichopata. Wengine, kwa kuwa mgeni wa ofisi anakuja, walitenga mkaratusi mkavu uliopasuliwa vizuri na kuficha mabua na magunzi ya mahindi nyuma ya nyumba, kwa sababu kupikia mabua ni aibu. Kunaonyesha kwamba mume hajali. Kwa hiyo daftari langu liliandika kilo nyingi za kuni nzuri katika nyumba ambayo siku zote ilipikia takataka za shamba. Na ukurasa wa kwanza wa fomu ulidai majibu ya mwenye nyumba. Mzee angevuta kiti, akohoe, aniambie wanatumia mzigo mmoja kwa wiki. Nyuma ya ukuta nasikia mkewe anacheka. Mzee hakuwa akidanganya. Hajawahi kuubeba, angejuaje?

Kasoro ya aina hiyo ilirekebishika. Mwulize mama badala ya mzee, pima tena kiangazi, pima na magunzi. Namba inasogea kidogo, modeli inaendelea na kazi yake. Kilichotokea Kakamega hakikurekebishika kwa mizani.

Baada ya utafiti ule mkubwa, Taasisi ya Beijer na Wizara walianzisha mradi wa kuendeleza kuni, KWDP, kwa msaada wa Uholanzi, wakachagua wilaya zilizojaa watu: Kakamega, Kisii na Murang'a. Kakamega ya wakati ule ilijumuisha pia Vihiga ya leo, na sehemu za Maragoli zilikuwa na watu zaidi ya 1,000 katika kilomita moja ya mraba. Kwa mantiki ya pengo, mahali kama hapo pangekuwa peupe kama kiganja. Wakapiga picha za ndege, wakahesabu miti mashambani, uani na kwenye mipaka. Wakakuta kinyume. Miti ilikuwa mingi: nyua za vichaka, mistari ya mikaratusi, vipande vya msitu nyuma ya nyumba, misiola iliyoachwa katikati ya mahindi. Na kadiri watu walivyosongamana ndivyo miti iliyopandwa ilivyozidi. Phil Bradley, Noel Chavangi na Berry van Gelder waliyachapisha hayo mwaka 1985, na yeyote aliyekuwa ameshika bango la jangwa linalokuja alipaswa kulishusha kidogo.

Lakini ukiingia jikoni, uhaba ulikuwa wa kweli. Wanawake walikuwa wakipikia mabua, wakinunua kuni sokoni kwa fedha ya mboga, wakipunguza idadi ya mara za kupika maharagwe. Miti imejaa shambani na jikoni hakuna kuni. Modeli haikuwa na mahali pa kuandika jambo kama hilo, kwa sababu ndani yake shamba na jiko vilikuwa kitu kimoja kiitwacho kaya.

Kukhu wangu, nyanya mzaa baba, angeweza kuwapa jibu bila picha ya ndege. Nikiwa mdogo nilichimba shimo nipande mche wa mkaratusi nilioutoa shuleni. Alikuja mbio, akaniondoa mkono kwenye udongo. "Mwanangu, unataka usizae?" Akamwita kaka yangu, mdogo kwangu, aje aushindilie yeye. Kwetu mwanamke aliyepanda mti alitishiwa ugumba, na mke aliyepanda alihesabiwa kuwa anamchimbia mumewe kaburi. Mti ni alama ya milki. Anayepanda mti kwenye shamba anasema shamba ni langu, na mke, kwa mila, alikuja shambani kwa mumewe. Kwa hiyo mti ulikuwa wa baba. Ulingoja bei ya nguzo, ulingoja karo ya sekondari, ulingoja msiba. Mama aliruhusiwa vijiti vilivyoanguka. Kuni zilikuwa kazi yake kwa asilimia mia, na alipozikosa, aibu ilikuwa yake pia.

Chavangi ndiye aliyeliandika jambo hili kwa uwazi kuliko wengine, akionyesha kwamba wanaume hawakuona tatizo la kuni kwa sababu halikuwafikia: chakula kilikuja mezani kila jioni. Wakiulizwa na mtafiti kama kuna uhaba, walijibu hakuna. Nao walikuwa ndio wenye nyumba, wale wa ukurasa wa kwanza wa fomu.

Si mila ya Kenya nzima, na hapa ndipo wastani wa taifa unapopotosha. Huko Nyeri na kwingineko Mlima Kenya, Wangari Maathai, aliyeanza kampeni yake ya miti mwaka 1977, alikuwa akiwapanga wanawake kwa vikundi wapande miche kwa malaki. Mwanamke wa huko akishika jembe na mche hakuna anayemtabiria ugumba. Vuka Bonde la Ufa uje kwetu, jembe lilelile na mche uleule vinakuwa kesi ya ukoo. Kitawi cha "kijijini" ndani ya programu kiliwaweka wote kikapu kimoja.

Mradi wa Kakamega, kwa sifa yake, ulibadili mwendo. Badala ya kugawa miche ya mikaratusi, ambayo ingeishia kuwa nguzo za baba, waligawa mbegu za vichaka vinavyoota haraka: kaliandra, lusina, sesbania. Walikuwa wamegundua kwamba mwiko ulihusu mti, na kijiti chembamba kisichoweza kuwa nguzo hakikuitwa mti na mtu yeyote. Sesbania wanawake walikuwa wakiiacha iote katikati ya mahindi tangu zamani bila kesi. Kichaka cha kaliandra ukikikata kinachipua tena, matawi yake hayazidi unene wa kifundo cha mkono, mzee hana namna ya kukiuza. Nacho kikawa cha mama. Pamoja na mbegu, walileta maigizo na filamu barazani, ili wanaume waketi hadharani na kuwaona wake zao wakihangaika, kisha wajadili wenyewe. Hakuna aliyekuja kuwahubiria kwamba mila ni ushenzi. Watu walicheka, wakabishana, wazee wengine wakaondoka kwa hasira, na mbegu zikaendelea kwenda.

Mimi naona huo ndio mpango wa nishati wenye akili kuliko yote niliyoisoma kuhusu nchi hii. Uliwezekana kwa kuwa watu walikaa vijijini hadi wakajua nini kinahesabiwa kuwa mti na nini hakihesabiwi.

Nao haukuishia ulikotarajiwa. Kaliandra ina majani yenye protini, na ng'ombe wa maziwa huyapenda. Miaka ya 1990 wakulima wa Embu na kwingineko Mlima Kenya waliipanda kwa wingi kuwa chakula cha ng'ombe, na hata kwetu nimeona kaliandra ikikatwa kabla haijafikia unene wa kuni, kwa sababu maziwa yanaleta fedha kila wiki. Kichaka cha jikoni kikageuka kuwa cha zizini. Modeli ya mwaka 1984 isingeweza kujua hilo, na sidhani kama modeli yoyote ingejua. Hilo sililalamikii.

Mjini kulikuwa na hadithi nyingine, na hii inafahamika zaidi. Jiko la bati la makaa, lile la ukuta mmoja linalochoma vidole, lililetwa na mafundi wa Kihindi waliokuja wakati wa reli, na kwa miaka mingi mafundi wa Shauri Moyo na Gikomba walilikata kutoka mapipa makuukuu. Linapoteza joto jingi ubavuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wakaleta mfano kutoka Thailand, ndoo ya bati yenye udongo uliochomwa ndani. Kwa mizani ya maabara ilikuwa nzuri: makaa kidogo, maji yanachemka.

Maabara walichemsha maji. Akina mama walisonga ugali. Ugali haupikwi kwa upole. Unasimama juu ya sufuria, unaishika kwa mkono mmoja na kitambaa, unasukuma mwiko kwa nguvu zote za bega. Jiko likiyumba, umeungua. Udongo ukipasuka kwa joto na misukosuko, fedha imekwenda. Hayo ndiyo malalamiko yaliyorudi kwa mafundi, na kwa kuwa mafundi walikuwa haohao wa jua kali waliokaa sokoni na wateja wao, jiko lilibadilika haraka. Likapata kiuno chembamba na miguu mipana, udongo ukahamishiwa nusu ya juu peke yake, likashikiliwa kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, likapewa vishikizo vya sufuria juu na kimlango cha majivu chini. Maxwell Kinyanjui ni miongoni mwa waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi, pamoja na shirika la KENGO. Linaokoa kati ya theluthi na nusu ya makaa, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya nyumba za mijini Kenya zilikuwa nalo. Halikulazimishwa na sheria yoyote. Fundi alipata faida, mama alipata faida, basi.

Vijijini magharibi kulikuja jiko la kuni la udongo la kujengewa, lililoanza kwa jina la Maendeleo chini ya chama cha akina mama, na baadaye likauzwa kwa jina la Upesi. Waliolibadili jina walikuwa wamewasikiliza wateja. Mama aliyetoka shamba saa kumi na mbili jioni anataka chakula kiive. Habari ya kuokoa msitu inaweza kungoja.

Wapangaji walitarajia kwamba majiko bora yangepunguza makaa yanayoingia Nairobi. Jiji lenyewe lilitoka watu 827,775 katika sensa ya 1979 hadi zaidi ya milioni 1.3 mwaka 1989, na wengi wa wageni hao walikuwa wakitoka kwenye kuni za mafiga wakiingia kwenye makaa ya mkebe na debe. Kwa hiyo malori yakaongezeka.

Na lile pengo la mwaka 2000? Mwaka 2000 ulifika na Kenya haikuwa imekata shina lake la mwisho. Misitu ya serikali iliumia, nyika za Kajiado na Kitui zikaumizwa na makaa, hilo ni kweli na linauma. Mashambani watu walipanda. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki cha mwaka 1994 kiliweka picha za Machakos za 1937 kando ya za 1991, mahali palepale: vilima vilivyokuwa vipara enzi za ukoloni vikiwa na matuta na miti, ilhali watu wameongezeka takriban mara sita. Anayezidisha watu kwa kilo anamwona kila mtoto anayezaliwa kama mdomo wa moto. Hamwoni kama mkono unaopanda.

Ungedhani tumejifunza. Angalia sensa ya 2019. Iliuliza kila kaya chanzo chake kikuu cha kupikia, jibu moja. Kuni zikapata asilimia 55, gesi karibu 24, makaa karibu 12, mafuta taa karibu 8. Takwimu hizo ndizo maofisa wangu wanazozimimina kwenye programu. Lakini ingia nyumba yoyote ya Kawangware au Lurambi uangalie: mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa chai ya asubuhi na mayai, jiko la makaa kwa githeri, kwa sababu githeri inaweza kukaa motoni saa tatu na gesi haitaki mchezo huo, na mafiga nyuma ya nyumba kwa sherehe na matanga. Chanzo kikuu ni kipi? Inategemea uliyemuuliza na tarehe. Uliza tarehe 2, mshahara umeingia, utajibiwa gesi. Serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye gesi mwaka 2016, ikairudisha kwa asilimia 16 Julai 2021, na majirani zangu wengi wakausukuma mtungi chini ya meza wakarudi kwa mwenye makaa. Mwaka 2023 ikaondolewa tena, na si wote waliourudisha mtungi mezani. Hakuna chombo kilichobadilika katika nyumba hizo. Fomu ingeandika aina tatu tofauti za kaya, na ni mama yuleyule.

Umeme nao umetuaibisha kwa njia hiyohiyo. Mpango wa umeme wa mwaka 2011 hadi 2031 ulikadiria kwamba kufikia 2030 kilele cha mahitaji kingepita megawati 15,000. Katika miaka ya karibuni kilele hicho kimekuwa megawati 2,000 na ushei. Viwanda vilivyotarajiwa havikuja vyote, hilo ni sehemu moja. Sehemu nyingine ni nyumba. Watafiti waliokwenda Busia na Siaya muongo uliopita walikuta nyumba nyingi zilizo ndani ya mita 600 za transfoma hazina umeme, kwa kuwa kuunganishwa kulikuwa shilingi 35,000. Ada ikashushwa hadi 15,000, nguzo zikasimama, mita zikawekwa, na waliounganishwa wakawasha taa mbili, redio na chaja ya simu. Mita ni ya baba, imesajiliwa kwa jina lake, tokeni ananunua yeye. Jiko la umeme litanunuliwa na nani, kwa uamuzi wa nani, na litapikia nini? Jedwali la makadirio liliandika "kaya iliyounganishwa" na kuipa matumizi yanayokua kila mwaka.

Nasikia wenzangu wakisema mambo ya mila hayahesabiki, hivyo tuwaachie wanaanthropolojia. Sikubaliani. Nani anaruhusiwa kukata ni jambo lenye jibu la ndiyo au hapana. Nani anashika fedha ya mafuta ya kupikia, anaipata mara ngapi kwa mwezi, chakula gani kinapikwa kwa saa ngapi: yote hayo yanaulizika, na yote yanaweza kuwa safu kwenye jedwali. Programu yenyewe haikatazi. Kila ninayemfundisha anajua kwamba unaweza kuongeza matawi upendavyo, ukaigawa kaya kwa anayeamua badala ya kuigawa kwa mjini na kijijini. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kuuliza, na bajeti ya kumlaza huko usiku mmoja.

Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Maana yake hesabu iliyofanywa mara moja kwa nchi nzima mwaka 1980 sasa inafanywa mara 47, na Kakamega haina tena sababu ya kuazima wastani wa Nyeri. Ofisa mwenzangu, ukipewa kazi hiyo, usianze na fomu ya mwenye nyumba. Pita mlango wa nyuma. Uliza nani alipanda mti ule, nani anaweza kuukata leo bila kuomba ruhusa, na jana usiku mlipikia nini hasa. Kwenye darasa langu jedwali lisilo na majibu hayo linarudishwa kwa mwenyewe, hata kama hesabu zake ni sahihi.